Uwanda si ardhi ya bure

Mwambie mtoto wa skuli hapa Unguja akutajie aina za mifumo ikolojia. Atakuanzia msitu wa mvua, jangwa, mbuga, mto, ziwa, bahari. Kajibu vizuri. Sasa muulize kuhusu uwanda, hili jiwe la matumbawe lililofunikwa na vichaka, atadhani unamuuliza habari za kuni. Linaniuma hili, maana sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa kisiwa ni uwanda, nao ndio unaokatwa viwanja kila leo kwa hoja kwamba "ni pori tu, halina kitu".

Msitu wa Jozani una wenyewe. Tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, na wageni hawakauki kuja kumtazama kima punju. Mikoko nayo siku hizi inapandwa na inatetewa. Alhamdulillahi.

Lakini ingia uwandani. Vichaka vinakukwaruza mikono, chini jiwe lina ncha za kutoboa kandambili, na udongo umejikusanya ndani ya vishimo tu, mweusi, umejaa majani yaliyooza. Humo ndimo mkulima wa Makunduchi anamopanda mbaazi, tungule na pilipili, kisha analiacha shamba lipumzike. Na humo ndimo anamoishi paa nunga, ambaye duniani kote hapatikani ila Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya. Hufuata chini ya miti wanamokula kima, akiokota majani, maua na matunda wanayoangusha.

Kikubwa zaidi ni maji. Unguja haina mto mkubwa. Masika yakishuka, mvua inapenya kwenye matundu ya jiwe na kwenda kutulia chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi. Ndiyo tunayoyateka visimani. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi si jambo la kurekebishwa kesho.

Matundu hayohayo hayachagui. Choo kikichimbwa kwenye jiwe, uchafu unafuata njia ileile ya mvua, na mwisho wake ni pwani: kwenye majani ya baharini anayoyala samaki tasi, kwenye mashamba ya mwani ya kina mama wa Paje na Jambiani, kisha mwambani. Kutenga nchi kavu na bahari kunafaa kwenye karatasi ya mtihani. Kwenye kisiwa cha jiwe lenye matundu, anayejenga uwandani anajenga juu ya bahari ya wenzake.

Kwa hiyo, kabla uwanda haujagaiwa, mwombaji aulizwe maji atayatoa wapi na maji machafu atayapeleka wapi. Hoteli isipewe ruhusa kwa shimo lililochimbwa kwenye jiwe; iweke mtambo wa kusafisha majitaka, na mtu aende akaukague. Na baina ya kiwanja na kiwanja vichaka viachwe, vilivyoshikana hadi msituni, paa apate pa kupita.