Mapipa ya Mheshimiwa

Kufunga turubai la harusi na la kampeni ni kazi ileile. Tofauti ni kwamba kwenye harusi fundi akisema upepo unakuja, anasikilizwa.

Hili la kampeni lilikuwa la mita 6 kwa 12. Vigingi vya nusu mita nilivigongomea vikiwa vimelala kidogo, vichwa vikielekea nje. Ila ardhi ilikuwa imelowa tangu usiku, na udongo uliolowa haushiki kitu. Kwa hiyo kila nguzo nikaifungia pipa la lita 200 lililojaa maji. Lita moja ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe. Kisha nikaenda kuangalia jenereta, ambayo lazima ikae nje, mbali na watu, kwa kuwa moshi wake unaua.

Niliporudi, meneja wa kampeni alikuwa amefunga bango la mheshimiwa kwenye nguzo za mbele. Mita 3 kwa 6, uso mtupu, meno yote nje.

"Bosi, hilo ni tanga," nikamwambia. "Upepo wa kilomita 60 kwa saa utalisukuma kwa kilo 300 hivi."

"Na ukiwa 30?"

"Kilo 75. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Literemshe."

"Nimteremshe mheshimiwa? Wiki ya uchaguzi?"

"Basi nilitoboe matundu upepo upite." Matundu yenyewe hupunguza kidogo tu, tena kitambaa huanza kuchanikia hapohapo, lakini nilikuwa nabembeleza.

"Umtoboe uso?"

Nikanyamaza. Mapipa si yapo?

Radi ikamulika. Nikahesabu mpaka ngurumo: sekunde 9. Gawa kwa 3, kilomita 3. Sekunde zikiwa chini ya 30, watu wanatakiwa wawe ndani ya jengo, si chini ya kitambaa chenye nguzo za chuma. Nikampasha meneja. Akatazama upande ule kwa makini.

"Hiyo iko jimbo la jirani."

Mheshimiwa akaingia kwa ngoma. Ngoma nzito, tamu, za kutetemesha kifua. Nikajiuliza vijana wamezitoa wapi, maana kwenye gari la kampeni sikuona hata moja. Nikageuka. Pipa lililojaa maji halilii, na vijana hao si wajinga: walikuwa wameyamwaga yote. Debe tupu haliachi kuvuma, sawa, lakini halishikilii turubai.

Upepo ulitokea mbele. Kwanza bango likavimba, mheshimiwa akanenepa mashavu. Kisha nguzo za mbele zikapanda, na turubai likishafunua mdomo upande mmoja, upepo huingia chini na kulibeba lote. Mapipa yakapaa na kamba zake, yakigongana, na kuna kijana, naapa, aliendelea kupiga la kwake mpaka likamzidi kimo.

Umati ukakimbilia mtini. "Si mtini! Darasani!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wakageuza.

Darasani giza totoro. Kanuni ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza upya. Tulianza upya mpaka basi. Mheshimiwa si mtu wa kupoteza nafasi. Akawa anapapasa gizani, mkono kwa mkono.

"Naomba kura yako, mama."

"Utaipata, mheshimiwa."

"Kijana, naomba kura yako."

"Yako hiyo, mzee."

Kwenye kona, mkono mmoja ukamng'ang'ania.

"Na mimi naomba yako," sauti ikajibu.

Radi ikamulika darasa zima. Alikuwa mpinzani wake, kalowa chapachapa, mkutano wake nao umesambaratika ng'ambo ya barabara, na wapambe wake wamejazana nyuma yake.

Meneja akanigeukia taratibu.

"Fundi, na lile nalo ulilifunga wewe?"