Mfugaji anayeweza kurudi nyumbani na mbuzi wake

Nikirudi likizo, watu wa kwetu Isiolo, kaskazini mwa Kenya, huniuliza habari za Muscat, mji mkuu wa Oman ninakofanya kazi: bahari, magari, maduka, joto. Huwajibu, ila mji ambao ningetaka kuwasimulia hasa ni Sinaw, mji mdogo ukingoni mwa jangwa, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Muscat. Ukitaka kujua Oman imetuzidi wapi, achana na maghorofa. Nenda Sinaw siku ya Alhamisi asubuhi, usimame karibu na mifugo, uangalie mwenye mbuzi anavyokataa bei.

Mimi ni dereva. Napeleka mchele, maji ya chupa na sabuni kwenye maduka ya miji ya ndani, na njia yangu hunipitisha huko. Unaiacha barabara kuu ya Nizwa karibu na Izki, milima inabaki nyuma, ardhi inalala tambarare, migunga inasimama mmoja mmoja. Kabla hujaingia mjini unaanza kupishana na pikapu za Toyota zilizobeba ngamia, miguu imekunjwa, shingo imepita juu ya paa la dereva. Kwa mtu aliyezaliwa kaskazini mwa Kenya, hapo moyo unatulia wenyewe.

Sinaw ni lango. Upande mmoja kuna miji ya mitende, upande wa pili mchanga wa Wahiba na nyika ya mawe inayoshuka hadi Mahout na Duqm, baharini. Mabedui huleta ngamia na mbuzi, watu wa pwani huleta papa mkavu, wenye mashamba huleta tende na mafungu ya majani mabichi ya mifugo. Siku ya soko ni Alhamisi. Serikali ilipobadilisha mapumziko ya wiki mwaka 2013, kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi, soko lilibaki palepale na Alhamisi yake. Mwaka 2022 mji ukapewa hadhi ya kuwa wilaya, na ngamia wakaendelea kuuzwa kama kawaida.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza pale ni jinsi ngamia anavyopakiwa. Kwetu ni shughuli ya wanaume sita: wawili wanavuta kamba, wengine wanasukuma matako, mmoja anashika mkia, na ngamia analia hadi mwisho wa kijiji. Wengine huvunjika mguu papo hapo. Sinaw nimeona wanampigisha magoti, wanamfunga miguu, wanapitisha mkanda mpana tumboni, kisha kreni ndogo inamnyanyua, anabembea hewani kidogo huku analalamika, na anatuliwa kwenye pikapu bila mkwaruzo. Yeyote aliyewahi kumpoteza ngamia mzima kwa sababu ya lori refu lisilo na ngazi atajua kwa nini nilisimama nikatazama mpaka mwenzangu akapiga honi.

Ila kreni ni chuma tu, inanunulika. Kilichonikaa rohoni ni mama mmoja wa Kibedui, barakoa usoni, aliyekuja akiendesha pikapu yake mwenyewe. Alikuwa na mbuzi jike mweusi, amenona, manyoya marefu. Alitaja riali 90. Mnunuzi akashika mgongo wa mbuzi, akafungua mdomo akaangalia meno, akasema 70. Mama hakubishana. Akamfunga mbuzi tena, akampandisha kwenye gari, akafunga mlango wa nyuma. Kisha akaenda kununua nyanya, vitunguu, samaki na mafungu ya majani, akapakia, akaondoka. Hakuuza kitu, na bado alinunua.

Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea barabarani, kwa sababu nimekulia kwenye soko ambalo jambo hilo haliwezekani.

Soko hilo ni Merille, katikati ya Isiolo na Marsabit. Anayepita barabara ya Moyale analijua: vumbi, wazee wa Kirendille na Kisamburu wakiwa na fimbo zao, wanawake wenye shanga hadi kidevuni, malori yamejipanga yakisubiri kwenda Nairobi, na mbuzi wengi wataishia kwenye soko na machinjio ya Kiamaiko, hukohuko Nairobi. Mama wa pale huwa ametembea tangu jana, pengine juzi. Mbuzi wake alipotoka nyumbani alikuwa na mwili. Akifika sokoni tumbo limeshikana na mgongo. Hakuna majani ya kumlisha akingoja siku nyingine. Maji yapo, ya kununua. Mtoto ametumwa nyumbani kwa karo. Unga umekwisha. Dalali anajua yote hayo kabla mama hajafungua mdomo, kwa hiyo anamwambia bei mara moja na kugeuza uso. "Mama, amua. Lori linaondoka." Mama anaamua. Ananunua unga na sukari kwa pesa za yule mbuzi, na bei ya unga pia amepangiwa na mwingine, kwa sababu umesafiri kutoka mbali.

Maoni yangu ni hayo, na nitayasema mbele ya yeyote: umaskini wa mfugaji wa kwetu hautokani na jangwa. Unatokana na kutoweza kusema hapana sokoni.

Najua jibu linalokuja. Oman wana mafuta, na watu wao ni wachache. Ni kweli, na mafuta yamefanya mengi. Lakini mafuta yangeweza kuishia Muscat. Sultan Qaboos alipochukua madaraka mwezi wa Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kama kilomita 10 za lami na shule 3. Sinaw ilikuwa mbali kama North Horr, kule Marsabit, ilivyo mbali leo. Nimeyasikia kwa mzee mmoja muuza halua pale, aliyezaliwa Tabora na kurudishwa Oman na wazazi wake miaka ya mwanzo ya 70. Wako wengi kama yeye upande ule wa Sharqiya, koo zilizokwenda Unguja na bara vizazi na vizazi, nyingine zikarudi baada ya mapinduzi ya 1964. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili safi kuliko changu, akanikalisha na kunimiminia kahawa. Nikamuuliza nini kilibadilika hapa. Akasema, "Mvua ni ileile, mwanangu. Ilikuja barabara, ikaja hospitali, ikaja shule, ikaja maji. Bedui akabaki na wanyama wake."

Mvua ni ileile. Upande ule wa Oman mwaka mzima kwa kawaida haufikishi milimita 100. Merille hupata zaidi ya hapo katika miaka mingi. Sisi ndio tuliobarikiwa mvua kati ya hao wawili.

Na kwetu pia ulikuwepo uamuzi, tena wa maandishi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka namba 10 wa sera ya uchumi, ukasema fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, ambako zitaleta faida kubwa zaidi. Kabla ya hapo Mwingereza alikuwa ameifunga kaskazini, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Kwa hiyo tulipata uhuru, na miaka miwili baadaye tukaambiwa kwa lugha ya wataalamu kwamba tusubiri. Tulisubiri lami ya Isiolo hadi Moyale mpaka katikati ya miaka ya 2010. Baba yangu alizeeka akisafiri juu ya ng'ombe ndani ya lori, na watu wa rika lake wakienda Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Katiba ya 2010 ilileta Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Nashukuru kwa hilo, nashukuru kwa kaunti, nashukuru kwa lami. Lakini lami peke yake imefanya lori la mnunuzi liwahi. Mama bado anakuja kwa miguu.

Nisiipake Oman rangi isiyo yake. Kuna mambo ya Sinaw nisiyotaka tuige. Kazi ngumu za soko lile, kubeba magunia, kuchinja, kufagia mavi ya mbuzi kwenye jua la digrii 45, zinafanywa na vijana wa Bangladesh, India na Pakistan ambao mbuzi mmoja wa pale ni mshahara wao wa mwezi. Vijana wa Kibedui wengi wana kazi serikalini au jeshini, na mifugo wanaitunza kwa mshahara huo. Ukiwaondolea mshahara sijui wangapi wangebaki na ngamia. Kwetu soko ndilo maisha yenyewe. Merille ukikosa kuuza na giza likakukuta, kuna boma utalala, kuna mtu wa rika lako atakuchukulia mbuzi akakuangalizia mpaka wiki ijayo, hakuna karatasi wala riba. Wanawake wa Isiolo wamejiunga katika ushirika wa Anolei, wanakusanya maziwa ya ngamia na kuyapakia kwenye mabasi yaende mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na walianza wenyewe, bila kusubiri mtu wa Nairobi awape wazo. Sinaw sijaona nguvu ya namna hiyo kwa watu wa chini. Nikikumbuka wale akina mama na mitungi yao alfajiri, naona fahari.

Jambo moja lilinichoma zaidi ya yote. Katikati ya mbuzi wa Sinaw wamo kondoo weupe wenye vichwa vyeusi, walewale tuliochunga utotoni. Hao huvuka bahari kutoka bandari za Somalia, wanauzwa bei ya chini kuliko mnyama wa kienyeji wa Oman, na hata hiyo bei ya chini ni mara kadhaa ya anayopata mchungaji aliyemkuza. Zile riali 70 ambazo yule mama alizikataa ni zaidi ya shilingi 20,000 za Kenya. Merille nimeona mbuzi mzuri akienda kwa 5,000. Bahari, manyasi ya safarini na daktari wa mifugo vina gharama, sibishi. Lakini tofauti yote hiyo haiwezi kuwa nauli.

Na mimi mwenyewe nimekuja huku kwa njia hiyohiyo. Ukame ulioanza 2020 ulimaliza misimu mitano ya mvua mfululizo, na kaunti kavu za Kenya zilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Zizi la baba lilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Baada ya hapo nilikubali mkataba wa kwanza nilioletewa na wakala, kwa mshahara aliotaja yeye, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu cha kunishikilia nikisubiri mwingine. Tangu mwaka 2021 mfanyakazi wa kigeni Oman anaweza kuhamia kwa mwajiri mpya mkataba ukiisha, bila kuhitaji barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani, na nimeona kwa macho yangu jinsi waajiri walivyoanza kuzungumza na watu kwa adabu zaidi. Mtu mwenye pa kwenda huongezwa mshahara. Mwenye mbuzi aliyeshiba huongezwa bei.

Ndiyo maana sichoki kuwaambia viongozi wetu wa kaunti, wanapokuja Ghuba kutafuta wawekezaji, wapande gari wafike Sinaw badala ya kupiga picha kwenye hoteli za Muscat. Na wakirudi, wasianze na machinjio makubwa ya kimataifa ambayo tumeyasikia tangu tukiwa shule. Waanze na zizi lenye kivuli Merille, birika la maji na ghala la nyasi, mama aweze kumwacha mbuzi pale wiki nzima kwa pesa kidogo anenepe tena. Waweke mizani, mnyama auzwe kwa kilo, maana sasa anauzwa kwa jicho la dalali. Bei ya Kiamaiko ya asubuhi hiyo isomwe kwenye redio ya Kirendille na Kisamburu kabla malori hayajafika. Ngazi ya kupakilia ngamia ijengwe kwa zege. Kreni tutaizungumza baadaye. Pesa za ushuru wanazotoza kila mnyama pale langoni zingetosha kuanza, na mwenye kusema hazitoshi atuwekee hesabu ya ushuru huo hadharani, mwezi kwa mwezi, tuisome wote.