Mchoraji Ughaibuni na Jamaa Aliowaacha

Niliondoka nyumbani miaka tisa iliyopita nikiamini kwamba ukaribu wa jamaa ndio ulionizuia kuwa mchoraji. Nyumba yetu haikuwa na mlango uliofungwa mchana. Ukishika penseli tu, unaitwa umbembeleze mtoto, au mjomba amefika, na si adabu kuendelea kuinamia karatasi mgeni akiwa amekaa. Nikajiambia kuwa sanaa inataka upweke, na kwamba upweke uko ughaibuni.

Upweke niliupata, na heshima pia. Huku ukisema unachora vitabu vya watoto, mtu hakuulizi kazi yako hasa ni ipi. Mchapishaji hukuletea mkataba unaoeleza malipo ya awali, mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu, utakaoanza kuupata mauzo yakishayafidia malipo hayo, na nani atabaki na michoro asilia. Nyumbani niliwahi kuchora jalada kwa ahadi ya mdomo, na aliyeniagiza hajanilipa hadi leo. Kwa hilo siwezi kuwapamba wa kwetu.

Hesabu yangu ilikosea kwenye muda. Kibali cha kazi nilichoingia nacho kilinifunga kwa mwajiri mmoja, katika kazi isiyohusiana na sanaa, na kuiacha kungehatarisha haki yangu ya kuishi huku. Kwa hiyo kwa miaka minne nilichora usiku, baada ya zamu, macho yakiwa mazito, kwa sababu kodi ya nyumba hudaiwa kila mwezi ilhali mrabaha kwa kawaida huja mara moja au mbili kwa mwaka. Jamaa wale wale niliowalalamikia walinilisha na kunipa pa kulala miaka yote niliyokuwa nikijifunza kuchora mkono wa binadamu, ambao ni mgumu kuliko uso, bila kunidai hata senti. Dada yangu alikuwa akinifulia nguo akiona nimezama kazini. Hakuna aliyeuita huo ufadhili, nami sikuuona hivyo mpaka nilipoanza kuzilipia mwenyewe saa kama zile.

Iko hasara nyingine inayoniuma zaidi. Mama huweka simu sikioni hata tunapozungumza kwa video, kwa hiyo kwa dakika nzima naona sikio lake tu, tundu la herini lililorefuka na ncha ya mtandio inayotikisika kila anapocheka. Nimelichora sikio hilo mara nyingi kuliko kitu chochote nilichokutana nacho huku. Lakini kumbukumbu inachakaa. Juzi nilitaka kuchora namna bibi yangu alivyokuwa akitia uzi kwenye sindano, na sikukumbuka kama aliulowesha kwanza au aliusokota vidoleni. Zamani ningeinua kichwa nimtazame.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomwambia kijana mwenye kipaji achague moja, jamaa au ndoto yake. Wahenga waliposema mcheza kwao hutuzwa, naona walijua kuwa msanii huanza kwa hadhira inayomjua kwa jina. Wazazi wanaoogopa kuwa sanaa hailipi wana haki ya kuogopa, ila badala ya kumkataza mtoto, wamsaidie kudai mkataba wa maandishi. Nao wajue kuwa michoro ni mali ya kurithiwa: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za namna hii kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwenye kuzitunga, kwa hiyo mrabaha wangu unaweza kuwafikia wapwa zangu.

Sasa kibali changu hakinifungi tena kwa mwajiri mmoja. Sikusudii kuhama huku, maana wachapishaji wangu wako hapa na nawahitaji. Lakini nimeomba likizo ya miezi mitatu bila malipo, na michoro ya kitabu kinachofuata nitaifanyia nyumbani. Nimemwomba dada asinitengee chumba.