Nani Anayelipia Tabianchi: Mfugaji wa Denmark au Mkulima wa Upare?

Huu ni mwaka wa saba nikifanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Jutland, Denmark, na tangu 2024 hatuli chakula cha mchana bila kuitaja kodi ya hewa ukaa itokanayo na mifugo. Itaanza mwaka 2030 kwa kroner 300 kwa tani na kufikia 750 mwaka 2035, ingawa kwa kuwa mfugaji anapewa nafuu ya asilimia 60, atakacholipa hasa ni kroner 120, kisha 300. Mwajiri wangu analalamika, nami namwelewa. Hata hivyo, amekwisha kupiga hesabu ya zizi lake lote, na wawakilishi wa wakulima walikaa meza moja na serikali na wanamazingira kabla suala halijafika bungeni.

Mama yangu yuko Same, Tanzania, kwenye miteremko ya Upare. Kila vuli, kabla ya kupanda, hufukua udongo kwa jembe na kuingiza mkono ili ajue unyevu umeshuka hadi wapi. Msimu uliopita unyevu uliishia kwenye kifundo cha kidole. Alipanda hivyo hivyo, mahindi yakanyauka kabla ya kufika magotini. Hakuna aliyemwita kikaoni wala kumpa miaka sita ya kujiandaa, ilhali gesi ya mbuzi wake wanne haifikii ya ng'ombe mmoja ninayemkamua hapa.

Sisemi tuige kodi ya Denmark. Kwetu kuna ndiva, mabwawa ya jadi yanayojazwa maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba likapata zamu yake, na tope lake huzolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Fedha za tabianchi, ukiwemo mfuko wa hasara na uharibifu wa kusaidia nchi zinazoendelea, uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, zianzie hapo: kwenye kuta zinazovuja, kwenye mifereji ya mashamba ya chini, na kwa bwana shamba mwenye pikipiki na mafuta ya kuwafikia wakulima. Nao wanaogawana maji hayo waulizwe kwanza, kama mwajiri wangu alivyoulizwa.

Mwaka jana nilituma fedha ya mifuko kumi ya saruji kwa ajili ya ndiva iliyo karibu na kwetu. Ilitosha robo ya ukuta. Sehemu iliyobaki bado wanaiziba kwa udongo wa mfinyanzi na majani ya migomba.