Bakteria mpya kwenye udongo wa sumu: jina tu au kazi ipo?

Kila ikitoka habari kwamba bakteria mpya kapatikana kwenye udongo uliojaa viuatilifu, watu wanagawanyika. Wengine wanashangilia kama vile udongo ushasafika, wengine wanasema wasomi wanatafuta vyeo tu.

Chukua Ummari, kijiji karibu na Lucknow kule India, ambako zilimwagwa taka za kutengeneza lindeni, dawa ya kuua wadudu. Hii dawa ukitengeneza tani moja unabaki na tani 8 mpaka 12 za HCH isiyo na kazi (HCH ni kemikali yenye aina kadhaa, lindeni ikiwa mojawapo), na aina ya beta ndo ngumu kuoza kuliko zote. Pale dampo timu ya mwanasayansi Rup Lal, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Delhi, ilitoa spishi kadhaa za bakteria, mojawapo Sphingobium ummariense, yaani kijiji kimeingia kwenye sayansi kwa uchafu wake, heshima gani hiyo sijui. Kwenye maabara lakini ni raha kuangalia, sahani inapakwa HCH mpaka inafanya ukungu, kidoa cha manjano kinaota, na kama ni mlaji kweli panasafika duara zima kumzunguka.

Kumwita mpya nako si mdomo tu. Lazima jinomu yake, yaani jumla ya DNA yake, ifanane na ya ndugu zake chini ya asilimia 95 au 96 hivi, na ahifadhiwe kwenye benki za vimelea nchi mbili tofauti ili mtu yeyote amwombe arudie kipimo. Na inasaidia, maana kabla ya 2005 walaji wa HCH wa Japani, India na Ufaransa wote waliitwa Sphingomonas paucimobilis, kumbe ni spishi tatu.

Ila wanaobeza nao wana pointi. Jeni zinazoikata sumu, linA na linB, zinahamahama, zinabebwa na plasmidi (viduara vya DNA vinavyohama kati ya bakteria) na kipande cha DNA kinachohamahama kinaitwa IS6100, leo anazo huyu kesho kampa jirani, na mwenyewe anaweza kuzipoteza kabisa, kwahiyo unaweza kuwa na jina zuri la Kilatini na bakteria asiyekula kitu.

Mi naegemea huku kwa wabezaji, japo si kwa kejeli zao. Hapa Tanzania tuna Vikuge, Kibaha, udongo una DDT na HCH za viuatilifu vya zamani vilivyoachwa kwenye banda. Hela ikiwa kidogo ningeanza kutafuta hizo jeni za lin mlemle kwenye udongo, nione nani anazo na kama zinafanya kazi, swala la spishi lisubiri, bakteria wenyewe wakae tu kwenye friji.