Gereji ya Familia Haihitaji Kutu ya Kubandika

Ukitaka kujua kama gereji ilipata msanifu mwenye haraka, itazame kutu iliyo kwenye nembo yake. Kutu hiyo haikuota kwenye bati. Ilipakuliwa kwenye intaneti, ikamwagwa sawasawa juu ya maandishi yote, kisha ikazungushiwa duara lenye spana mbili zilizopishana na neno "Tangu" likifuatwa na mwaka. Mwenye gereji anafurahi, msanifu analipwa chake, na nembo inatoka pacha wa ile ya kinyozi na ya mkahawa.

Mimi ni mpenzi wa zilipendwa, kwa hiyo sina ugomvi na gereji inayotaka sura ya zamani. Gereji ya familia inastahili sura hiyo kuliko biashara nyingi, maana ufundi wake umepokezanwa na jina la ukoo liko mlangoni. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba uzamani ni uchakavu. Matangazo ya zamani yalitoka kiwandani yaking'aa, na fundi aliyeyachapa angegomba siku nzima kama yangemtoka yakiwa na madoa. Kilichoyapa sura tunayoihusudu leo ni uhaba: rangi chache, herufi zilizokuwapo kabatini mwa mchapaji, na gharama iliyopanda kwa kila pambo. Anayetaka kuiga zamani aanze kwa kujinyima.

Chukua mabango ya enameli yaliyokuwa yakipigiliwa kwenye kuta za gereji na vituo vya mafuta. Unga wa kioo ulipakwa juu ya bati la chuma, bati likaingizwa tanuruni kwenye joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi, unga ukayeyuka na kung'ang'ania chuma. Kwa kawaida kila rangi ilichomwa kivyake, kwa hiyo aliyeongeza rangi aliongeza mzunguko mwingine wa tanuru. Ndiyo sababu mabango mengi ya aina hiyo yana rangi mbili au tatu zilizokatana waziwazi, bila kivuli na bila rangi inayofifia kuingia nyingine. Na hata yanapozeeka, hayazeeki jinsi kompyuta inavyodhani. Kioo humeguka pale kilipogongwa, hasa pembeni na kwenye matundu ya skrubu, na kutu huanzia hapo. Katikati hubaki paking'aa kwa miongo. Kama mtu ameapa lazima achore kutu, basi angalau aianzishe kwenye skrubu.

Mambo ya karatasi yalikuwa vivyo hivyo. Herufi kubwa za mabango zilichongwa kwa mti, kwa kuwa herufi ya madini ya risasi ya ukubwa huo ilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuzichonga kwa mashine, na wachapaji wakajaza makabati. Mchapaji alipanga mstari mmoja mmoja, kila mstari akiutafutia herufi zitakazojaza upana wa karatasi: neno fupi likapata herufi pana, neno refu likapata zilizobanana. Huo mchanganyiko ambao leo tunauona kama urembo ulikuwa hesabu ya nafasi. Ukiielewa hesabu yenyewe, huhitaji kuongeza fonti ya saba. BREKI itakaa pana juu, MATENGENEZO YA GIABOKSI itabanana chini yake, na bango litasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Kuna kichekesho hapa kinachonifurahisha. Wapenzi wa uchapaji wa kale leo hulipa zaidi ili herufi zididimie kwenye karatasi nene, mpaka ukipitisha kidole unasikia mashimo. Mchapaji stadi wa enzi zile aliona mashimo hayo kuwa aibu. Sifa yake ilikuwa herufi kuigusa karatasi kwa wepesi, wino ukakaa na upande wa pili ukabaki laini. Sikatai kadi iliyodidimizwa, inapendeza mkononi. Ila asije mtu akatuambia ndivyo babu zetu wa uchapaji walivyotaka.

Kuhusu picha, nasema hivi: tafuta kitu kilicho ndani ya gereji yenyewe. Mwaka 1914 msanifu wa mabango Lucian Bernhard aliitengenezea Bosch, kampuni ya vipuri vya magari, bango lenye plagi inayopiga cheche na jina la kampuni, basi. Yule mtu wa matairi wa Michelin naye anasemekana alianzia kwenye rundo la matairi ambalo ndugu wenye kampuni waliliona kwenye maonyesho ya Lyon, Ufaransa, mwaka 1894. Mchoraji O'Galop akampa mwili mwaka 1898, akiwa ameshika glasi iliyojaa misumari na vipande vya chupa, kuonyesha kwamba tairi lake linameza hatari za barabarani. Ni mweupe kwa sababu matairi ya siku zile yalikuwa ya rangi ya mpauko, kabla kaboni nyeusi haijaanza kuchanganywa kwenye mpira. Plagi na matairi hayo yote yalikuwa yamelala sakafuni yakingoja mtu mwenye macho. Gereji inayosifika kwa kabureta ichore kabureta. Yenye jeki ya ajabu ambayo hakuna mwingine anayo, ichore jeki hiyo. Spana zilizopishana ziachiwe wasio na cha kuonyesha. Na yule msichana wa kaptula fupi aliyeegemea boneti astaafishwe. Kama lazima awepo mwanamke, basi awe anashusha injini.

Onyo la haraka kuhusu alama za kampuni za mafuta na matairi: farasi mwenye mabawa wa Mobil na wenzake ni wa zamani lakini wana mwenyewe mpaka leo. Uzee wa alama hauifanyi kuwa mali ya umma.

Kosa jingine ni kuchanganya fonti za zama tofauti. Futura ilitoka mwaka 1927, Cooper Black mwaka 1922, Brush Script mwaka 1942, Helvetica mwaka 1957, na ile Lobster inayopachikwa kila mahali panapotakiwa "uzamani" ni ya mwaka 2010. Ukiziweka zote kwenye kadi moja hujapata zamani yoyote. Ushauri wangu ni kuchagua muongo mmoja na kukaa humo, na muongo wa kuchagua ni ule gereji ilipofunguliwa. Iliyoanza miaka ya 1970 haina haja ya kuvaa mapambo ya wakati wa magari ya kuwashwa kwa mkono. Miaka hiyo ina sura yake nzuri tu: herufi nene za mviringo, michirizi mitatu inayopinda, rangi ya chungwa na kahawia. Na kama ilifunguliwa juzi, basi "Tangu" iachwe kabisa. Mteja akigundua mwaka wa uongo kwenye kibao, atajiuliza na kilomita ulizomwandikia kwenye ankara.

Na ankara ndiyo niliyotaka kuifikia, maana hapo ndipo wasanifu wengi huchoka. Nguvu zote huishia kwenye kibao cha nje. Karatasi za ndani hupewa nembo iliyopunguzwa na mistari miwili, kazi imekwisha. Lakini kibao mteja hukitazama sekunde chache akipita, na ankara ataisoma mstari kwa mstari, tena akiwa na wasiwasi, tena huenda akaisoma na mtu mwingine nyumbani anayeuliza pesa zimekwenda wapi. Hiyo ndiyo karatasi inayobeba jina la familia kwenye jambo zito. Watu wa zamani walilijua hilo. Vichwa vya ankara vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 vilichorwa kwa uangalifu kuliko matangazo mengi, vingine vikionyesha jengo zima la biashara na moshi ukitoka kwenye bomba.

Sasa fikiria inavyotumika. Fundi ana grisi vidoleni, kalamu ni ya kawaida, na nakala inahitajika. Kabla ya mwaka 1954 nakala ilitoka kwa karatasi ya kaboni. Mwaka huo kampuni ya NCR ikaleta karatasi zinazojinakili zenyewe, na vitabu vya aina hiyo bado viko sokoni. Kwa hiyo usiweke picha ya gari la kale ikififia nyuma ya jedwali, itagombana na maandishi ya mkono. Usichague karatasi inayong'aa, kwa sababu wino wa mhuri utateleza juu yake na kupaka shati la mteja. Ukitaka rangi ya maziwa, nunua karatasi ya rangi hiyo. Kuchapa rangi ya maziwa juu ya karatasi nyeupe ni gharama ya bure, na kingo zitakusuta. Wino uwe mmoja, mweusi au kijani cha giza, na wa pili, mwekundu, utumike kwa namba ya ankara tu. Mistari ya jedwali iwe myembamba na nafasi kati yake iwe ya mwandiko wa mtu aliyesimama, si wa karani aliyeketi. Karatasi ya A5, milimita 148 kwa 210, inatosha kazi nyingi na ikikunjwa mara moja inaingia kwenye kisanduku cha dashibodi.

Halafu kuna maneno. Mstari "huduma bora kwa bei nafuu" ungepigwa marufuku kama mamlaka hayo ningekuwa nayo. Hausemi kitu, na jirani ameuandika vilevile. Tangazo zuri la kizamani lilimkabili msomaji na kumwahidi jambo linaloweza kuhakikiwa. Gereji inaweza kuandika: "Kifaa tulichokibadilisha tutakurudishia ukione." Au: "Hatufungui kitu kabla hujakubali bei." Sentensi ya namna hiyo chini ya ankara inafanya kazi kuliko mapambo yote, mradi familia iko tayari kuisimamia, kwa sababu mteja ataidai.

Wapo wanaoniambia sura ya zamani itamfukuza mwenye gari jipya, atakayedhani humo kuna nyundo na bisibisi tu. Hoja hiyo ina uzito. Magari yanayouzwa Marekani kuanzia ya modeli ya 1996 yalilazimishwa kuwa na tundu la OBD-II la kusomea hitilafu, na siku hizi fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari hafiki mbali. Lakini jibu si kutupa herufi za zamani. Acha herufi ziwe za zamani na maneno yawe ya leo: TUNASOMA KOMPYUTA YA GARI, kwa herufi nene za mti, inavutia macho kwa sababu mavazi na ujumbe havilingani. Hata magari ya umeme yanaweza kutangazwa hivyo. Namba ya simu iwe kubwa kuliko ladha ya msanifu inavyoruhusu. Mraba wa QR ukae nyuma ya kadi peke yake, usivishwe kutu wala fremu ya maua, maana simu ikishindwa kuusoma hauna kazi.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nisingeanza na kibao. Ningechapa vibandiko vya sevisi, vile vinavyokaa kwenye kona ya kioo au ukingo wa mlango kuonyesha oili imwagwe tena lini. Rangi mbili, umbo la kibati cha enameli, jina la familia juu, simu chini, na katikati visanduku sita vya tarakimu za kilomita. Visanduku viwe na uso usiong'aa ili kalamu ishike, na gundi iwe ile inayobanduka bila kuacha alama, kwa sababu sevisi ijayo kitabanduliwa na kingine kuwekwa pale pale.