Marahaba

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2019 nilikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwenye ufunguzi wa AFCON ya vijana chini ya miaka 17. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana hao, na Nigeria. Kama hukuiona mechi ile, pole: yalifungwa mabao tisa. Kipindi cha pili ilifika mahali tukawa tunaongoza, watu wakakumbatia wasiowajua. Mimi nilimkumbatia muuza maji, chupa zake zikabingirika ngazi nzima. Halafu Wanigeria wakaanza kurudisha.

Kila waliporudisha nilikuwa na sababu moja tu. "Wale si watoto! Mtazameni yule, kidevu kile kina wajukuu!"

Watu wakacheka, nami kichwa kikavimba. Nikasimama kabisa kuwafundisha. Kwamba tangu 2009 FIFA wanawapima vijana hawa kwa MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, kifundo cha mkono, na mfupa ukionekana umeshafunga, yaani umemaliza kukua, wewe huna chako kwenye under 17. Kwamba hata sisi tulikwenda Gabon 2017 kwa sababu Congo Brazzaville walitakiwa kumleta mchezaji wao kwenye kipimo, hakutokea, wakaenguliwa, nafasi tukapewa sisi.

"Na ile ya Gambia 2005?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. "Si tulifuzu, tukaenguliwa kwa umri?"

"Ile ilikuwa bahati mbaya, mzee wangu."

Hapo ndipo jamaa aliyekaa mbele yangu alipogeuka. Ana miaka thelathini hivi. Akanikodolea macho, kisha akasema taratibu: "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikajibu.

Akajipiga paja. "Ndiye! Ndiye huyu huyu!"

Akawasimulia safu nzima. Alisimulia vibaya, akaruka sehemu muhimu, kwa hiyo naomba nisimulie mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2005, kule Mbagala, kulikuwa na kombe la mtaani la vijana chini ya miaka 17. Zawadi mbuzi na seti ya jezi. Timu yetu ilikosa mshambuliaji kabla ya nusu fainali, kocha akaja kunigongea. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, kazi ya kubahatisha, na chumba cha kupanga. Nina mwili mdogo, hilo silikatai. Cheti cha kuzaliwa tukaazima cha mpwa wangu.

Tatizo lilikuwa katibu wa mashindano. Huyo hakuamini vyeti. MRI yake ilikuwa kukuamuru uinue mikono juu, yeye anachungulia makwapa. Usiku ule nikanyoa kila kilichoota: ndevu, kwapa, kifua, mpaka vinyweleo vya miguuni, kwa wembe mmoja. Asubuhi nilikuwa laini kama yai la kuchemsha, ila yai lenye vipele. Katibu akachungulia, akapitisha. Nilipoanza kutoka jasho nilijuta kuzaliwa.

Kingine ambacho kocha hakuniambia ni kwamba mtoto anaamkia. Niliwaamkia wote. Mwamuzi mwenyewe nilimzidi mwaka mmoja, mdogo wake rafiki yangu, na nilimpa shikamoo huku nikimeza mate machungu. Kisha tukapanga mstari kupeana mikono. Kipa wao, mtoto kweli wa miaka kumi na sita, akanishika mkono, akanitazama usoni, na adabu aliyolelewa nayo ikamtoka bila kufikiri:

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Mwamuzi akasimama. "Umesemaje?"

"Ndilo jina langu la utani, ref. Naitwa Marahaba."

Basi dakika zote zilizofuata uwanja mzima ulikuwa unaimba, "Marahaba! Mpe Marahaba!"

Tukiwa moja moja, kipindi cha pili, tukapata penalti. Nikaupanga mpira. Narudi nyuma hatua tano, nikaona khanga inakatiza uwanja kwa kasi. Mama mwenye nyumba wangu.

"Wewe! Miezi mitatu unaingia kwa mlango wa uani, kumbe miguu ya kukimbia unayo!"

"Mama, mechi inaendelea," akasema mwamuzi.

"Na kodi yangu inaendelea! Huyu mpangaji wangu."

"Mpangaji? Huyu si mtoto wa shule?"

Pale ndipo nilipaswa kuchagua kati ya mbuzi na chumba. Nikaibana sauti mpaka ikawa kama ya mluzi. "Shikamoo mama. Mimi ni mdogo wake."

Mama akanisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Kidevu kilikuwa hakina hata unywele. Akalegea. "Haki ya Mungu, mmefanana kama sarafu. Basi kamwambie kaka yako hana haya. Na wewe usome, usije ukawa kama yeye."

"Ndiyo mama."

Nikapiga penalti. Kipa hakuruka, mpira ulimfuata kifuani kama mtoto aliyemwona mama yake. Tukatolewa, mbuzi akaenda Kurasini.

Jioni mlango ukagongwa. "Mdogo wako kakufikishia salamu?" "Kafikisha, mama." "Ana adabu yule, si kama wewe." Tangu siku hiyo alimpenda mdogo wangu kuliko mimi. Idi ilipofika alimletea sahani yake ya pilau, akaniagiza niifikishe. Niliifikisha. Nilipohama ilibidi nimpeleke Tanga kwa masomo, na mama alilia.

Sasa turudi Taifa. Wakati safu nzima inajishika mbavu, Nigeria wakaweka la tano. Tukafa tano nne. Hakuna aliyenipa pole. Mzee wa kofia ya kiua alinishika kifundo cha mkono, akakibonyeza kwa dole gumba kama daktari, akatikisa kichwa: "Umefunga huu. Na ufunguo umetupwa baharini."

Kipa, yule jamaa wa mbele yangu, alichukua namba yangu ya simu. Baada ya hapo Uganda walitupiga tatu bila, Angola nne mbili, tukaaga mashindano nyumbani kwetu. Fainali Cameroon wakawatoa Guinea kwa penalti, nikadhani yameisha. Haukupita muda mrefu CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakawaengua Guinea wasiende Kombe la Dunia la vijana kule Brazil, nafasi yao wakapewa Senegal: wachezaji wawili wa Guinea walikuwa na tarehe moja ya kuzaliwa kwenye mashindano ya Japan ya 2017, na nyingine hapa Dar.

Jioni ile simu ikalia, ujumbe kutoka kwa kipa.

"Shikamoo Marahaba. Wenzako wa Guinea wamekamatwa. Mdogo wako kasharudi Tanga?"